Mbu wa Pipeline si mbu wa Alego

SWALI

Shangazi, hujambo?

Mvua za vuli zimeanza hapa Pipeline, Nairobi, na mimi silali. Kila usiku naamka mara mbili tatu kumgusa kifungua mimba wangu kwenye paji la uso, hata siku ambazo amecheza kutwa na hana neno. Mume wangu anasema nimeingiwa na wazimu wa mbu. Nakueleza yote uniamulie.

Mimi ni mzaliwa wa Kangema, Murang'a, kule kwenye baridi na majani chai. Malaria nilikuwa naisikia redioni tu. Niliolewa Alego, Siaya, na Desemba iliyopita tulikaa kwa wakwe wiki mbili na zaidi. Mwishoni kulikuwa na matanga ya ami yake mume wangu. Tulikesha nje siku tatu mfululizo, watoto wamelala kwenye mkeka chini ya hema, nimewafunika leso. Kijana alikuwa na miaka mitano, msichana mwaka mmoja.

Baada ya mazishi tukarudi Nairobi, shule zikafunguliwa. Siku ya kumi na moja au ya kumi na mbili, kijana alirudi kutoka shuleni akilia kichwa. Usiku akachemka. Nilimpeleka kliniki moja ya hapa mtaani, akaangaliwa koo na masikio, nikaambiwa ni mafua ya shule, tukapewa ya kikohozi na ya kushusha joto. Hakuna aliyeniuliza tumetoka wapi. Mimi nami sikusema, kwa sababu sikujua kwamba ni jambo la kusema. Joto lilishuka asubuhi, jioni likapanda tena. Siku ya tatu, alfajiri, akashikwa na degedege mikononi mwangu. Macho yalipinduka, taya zikajifunga. Nilishuka naye kutoka ghorofa ya sita bila viatu. Hospitali tuliyokimbilia walimpima damu wakakuta malaria, wakamlaza siku nne kwa dawa ya mshipa. Alipona, namshukuru Mungu.

Tangu siku hiyo niliapa kwamba mbu hataingia kwangu. Nyuma ya ploti yetu kuna mtaro wa majitaka, mweusi, wenye povu, na jioni mbu hutoka pale kama moshi. Nimegombana na mwenye nyumba kuhusu mtaro huo. Nimegombana na jirani wa chini kuhusu mitungi yake ya maji iliyo wazi. Kila jioni nachoma dawa ya mbu chumbani hadi macho yanatuwasha. Na kabatini nimeweka dozi mbili za AL, vile vidonge vya malaria. Mtoto akipata joto nampa vidonge viwili vitatu, likishuka naweka vilivyobaki kwa siku nyingine.

Sasa mume anataka twende tena Desemba hii. Mimi nina mimba ya miezi mitano. Mama mkwe, watoto humwita Dani, amesema kwenye simu kwamba watoto wa Nairobi tunawalea kama mayai, kwamba yeye amelea tisa na wote waliugua malaria wakapona. Mume naye anasema yeye amekua na malaria jinsi watoto wa Murang'a wanavyokua na mafua. Je, nikatae kwenda nionekane mke anayewadharau wakwe? Na hawa mbu wa Pipeline nitawamalizaje kabla mvua haijachacha?

Mama wa Wawili, Pipeline

JIBU

Mwanangu, pole. Mama aliyeshika mtoto mwenye degedege hasahau, na asikuambie mtu kwamba una wazimu kwa kuamka usiku kumgusa. Ila hofu yako nataka kuihamisha. Kwa sasa yote umeimwaga kwenye mtaro, na mtaro huo hauna hatia ya lile lililompata mtoto wako.

Hebu tuhesabu siku pamoja. Kiini, yaani kimelea, cha malaria aina ya falsiparamu, ndiyo iliyoenea zaidi Kenya na ndiyo inayoua, kikiingia mwilini huenda kwanza kwenye ini, kikazaana huko kimyakimya, ndipo kinatokea kwenye damu. Homa huanza mara nyingi kati ya siku ya 7 na mwezi mmoja baada ya mbu kuuma. Mtoto wako aliugua siku ya kumi na moja au ya kumi na mbili tangu mrudi. Rudi nyuma siku hizo, unatua wapi? Kwenye mkeka, chini ya hema la matanga. Mbu aliyemuuma mwanao hajawahi kuiona Pipeline.

Wale wanaotoka mtaroni jioni ni jamii ya kuleksi, wapenda majitaka. Wanakera, wanaleta upele na kukosa usingizi, lakini malaria hawaambukizi. Mbu wa malaria ni anofelesi, na hasa anapenda maji yaliyotulia yasiyo na uchafu mwingi: nyayo za ng'ombe zilizojaa maji ya mvua, shimo la kuchimbia udongo wa matofali, ukingo wa bwawa. Ukitaka kuwatofautisha, chukua tochi umwangalie aliyetua ukutani. Kuleksi hukaa amelala sawa na ukuta. Anofelesi huinua makalio juu, kichwa chini, kama msumari uliopigwa upande. Jaribu leo usiku. Nadhani utahesabu ishirini kabla ya kumpata mmoja wa kusimama hivyo.

Kuna na jambo la baridi. Nairobi iko kama mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Anofelesi akifyonza damu ya mgonjwa, kiini lazima kikue ndani ya mbu huyo kabla hajaweza kumwambukiza mtu mwingine. Kwenye joto la kando ya Ziwa Victoria hilo huchukua kama siku kumi hadi kumi na nne. Joto likishuka chini ya nyuzi 18 hivi, kama usiku wa Julai hapa kwetu, ukuaji huo hukawia mno hata mbu anakufa kabla kiini hakijakomaa. Ndiyo maana Wizara ya Afya inaiweka Nairobi, pamoja na Murang'a yenu, kwenye maeneo ya hatari ndogo, ilhali Siaya na kaunti nyingine za ziwa ziko kwenye maeneo ambako malaria ipo mwaka mzima na hupanda baada ya mvua. Katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2020, karibu mtoto mmoja kati ya watano aliyepimwa kanda ya ziwa alikutwa na vimelea. Kwenye maeneo ya hatari ndogo hata mmoja kwa mia hawakufika. Malaria nyingi inayotibiwa Nairobi imepanda basi.

Sisemi haiwezi kuzuka hapa. Mji huu ulianza mwaka 1899 kama kambi ya reli kwenye ardhi ya kinamasi, na miaka yake ya mwanzo malaria ilikuwa inawasumbua watu baada ya mvua kubwa. Na sasa kuna mgeni. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, walitangaza mwaka 2023 kwamba wamempata Marsabit mbu aitwaye Anopheles stephensi, mwenye asili ya Asia, ambaye huzaa hata kwenye tangi na mitungi ya maji ya mjini. Huyo ndiye anayenifanya nikubaliane nawe juu ya mitungi ya jirani, ingawa si juu ya ugomvi. Maji ya bomba yanapokuja mara mbili kwa wiki, mtu atayahifadhi tu. Mwombe afunike. Chombo kisicho na kifuniko, kitambaa kizito kilichofungwa kwa kamba kinatosha. Angalau mara moja kwa wiki mwage yaliyobaki chini, msugue ukuta wa ndani kwa brashi, kwa sababu yai la mbu huchukua wiki moja hivi au zaidi kidogo hadi kuruka. Mtaro uzibuliwe, naam, kwa ajili ya kipindupindu na pua zenu. Wapangaji wote wa ploti mwendeeni mwenye nyumba pamoja, usiende peke yako kila mara. Na dawa ya kuchoma, iache. Chumba kimoja, dirisha limefungwa, watoto wawili na mjamzito ndani ya moshi usiku kucha, kifua kitalalamika kabla ya mbu. Neti juu ya kitanda inatosha.

Sasa tuje kwa Dani na mwanawe, kwa sababu hapa ndipo penye uzito.

Mama mkwe wako hakudanganyi. Anayekulia kando ya ziwa huumwa na mbu wenye malaria tangu utotoni. Akivuka miaka ile mitano ya kwanza akiwa hai, mwili wake unajifunza kuishi na vimelea. Anaweza kuwa navyo kwenye damu wakati huu anapokusemea simuni na asihisi kitu zaidi ya uchovu. Nilifanya uuguzi miaka kadhaa upande huo, nikawaona wanawake wanaotembea na malaria sokoni. Lakini niliona pia vitanda vya watoto ambao hawakuvuka ile miaka mitano, watatu kwenye godoro moja, na bibi zao wamekaa sakafuni. Dani alivukisha tisa. Majirani zake wengi hawakuvukisha wote, naye anawajua kwa majina.

Kinga hiyo hairithiwi kwa jina la ukoo. Watoto wako ni Waalego kwa baba, lakini damu yao haijawahi kukutana na malaria ila mara ile moja, na mara moja haitoshi kitu. Wewe wa Kangema huna kabisa. Na mume wako, ambaye ndiye ninayemwogopea zaidi kwa jinsi anavyojiamini, kinga yake imekuwa ikiyeyuka tangu ahamie Nairobi. Mwambie hivyo kutoka kwangu. Mtu mzima aliyekaa mjini miaka kumi anaweza kwenda nyumbani Krismasi na akalazwa Januari.

Kuhusu safari, umeniuliza nikuamulie, nami sitazunguka. Wewe usiende Desemba hii. Mjamzito asiye na kinga akipata malaria, vimelea hujazana kwenye kondo la nyuma. Mama hupungukiwa damu, mimba inaweza kuharibika, au mtoto akazaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo. Dawa nyingi za kumkinga msafiri hazipewi wajawazito. Kinga yako kubwa dhidi ya malaria ni kutokwenda. Kama kutatokea jambo la kukulazimu kabisa, mfano msiba wa karibu, basi nenda kwanza kliniki yako ya wajawazito ukiwa na kitabu, uwaeleze unakwenda Siaya na utakaa siku ngapi, wakuamulie ya kumeza kulingana na mimba yako.

Na neno hili asilipeleke mwingine kwa Dani ila mwanawe. Wewe ukilisema, litakuwa la mke wa Murang'a anayeidharau Alego. Mume wako akisema, "Mama, mke wangu ana mjukuu wako tumboni na daktari amemkataza," hakuna mama mkwe asiyeelewa hilo. Umtumie zawadi: neti mbili mpya zenye dawa, moja ya kitanda chake, nyingine ya kule watoto watakakolala. Au mkaribisheni Pipeline aje akuone ukikaribia kujifungua. Nimeona mama mkwe akilainika kwa nauli ya basi kuliko kwa maneno mia.

Kijana anaweza kwenda na baba yake kama baba atakubali kufanya kazi ya mama. Msichana wa miaka miwili ningembakisha nawe.

Wiki mbili au tatu kabla ya safari, kijana apelekwe kwa daktari kwa ajili ya dawa ya kinga. Zipo za aina mbalimbali, na uzito na umri ndivyo vinavyoamua. Kuna inayoanzwa siku moja au mbili kabla ya kusafiri na kumalizwa siku 7 baada ya kurudi, na kuna zinazoendelea hadi wiki 4 baada ya kurudi. Ile ya doxycycline ambayo wasafiri wakubwa huipenda kwa bei haifai mtoto wa chini ya miaka minane. Chanjo iliyozinduliwa Homa Bay mwaka 2019 ni ya watoto wachanga wanaoishi kaunti za ziwa, kwa hiyo wako hakuipata Nairobi. Na kama kuna msomaji mwenye mtoto wa selimundu, huyo asivuke kwenda kanda ya ziwa bila kuongea na daktari wake kwanza. Malaria kwake ni hatari maradufu.

Anofelesi huuma usiku, hasa kuanzia watu wanapolala hadi alfajiri. Fikiria sasa safari yenu ilivyo. Basi linaondoka mjini saa tatu usiku, linawashusha stejini saa kumi, na mnakaa kwenye benchi mkingoja boda boda, mtoto amevaa kaptula na viatu vya wazi. Hapo ndipo mbu wa kwanza anapokula. Baba ampandishe basi la asubuhi. Likishindikana, mtoto ashuke amevaa suruali ndefu, soksi na sweta, miguu na mikono imepakwa mafuta ya kufukuza mbu yenye DEET. Kwa mtoto, upake kwenye viganja vyako kwanza ndipo umpake yeye, usimpe ajipake, na usiguse macho wala mdomo.

Nyumbani, neti ifungwe kabla jua halijatua na ichomekwe chini ya godoro pande zote nne. Nimeona neti nzuri sana imening'inia kama pazia la harusi, na mtoto amelala ameegemeza goti kwenye kitambaa, goti limeumwa mara saba kupitia matundu. Na matanga, mwanangu. Sitamwambia mtu wa Alego asiende matanga. Lakini mtoto si lazima akeshe. Saa mbili aingizwe ndani, chini ya neti, na mtu mzima mmoja akae naye. Baba mwenyewe akikesha nje, avae mikono mirefu na apake dawa ile ile, tena baada ya saa chache kwa jinsi kopo litakavyoelekeza. Wakifika, amuulize Dani mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji ni nani. Kaunti za ziwa wahudumu wengi wamefunzwa kupima malaria kwa tone la damu ya kidole na kutoa dawa, na mtoto akipata homa usiku, huyo yuko karibu kuliko hospitali yoyote.

Sasa kabati lako. Hapa nitakuwa mkali kidogo kwa sababu nakupenda. Dozi ya AL kwa mtoto wa uzito wa kilo 15 hadi 24 ni vidonge viwili kila mara, mara sita: mara ya kwanza, kisha baada ya saa 8, halafu asubuhi na jioni siku mbili zinazofuata. Vidonge kumi na viwili, vyote, pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa, kwa sababu bila mafuta mwili hauinyonyi vizuri. Ukimpa viwili vitatu ukaacha, kama ni malaria kweli umeipunguza bila kuimaliza, nayo itarudi. Kama si malaria, na hapa Nairobi kwa mtoto ambaye hajasafiri huwa si malaria mara nyingi sana, umempa dawa asiyoihitaji na kumchelewesha na nimonia yake au ugonjwa wa njia ya mkojo. Tena Uganda na Rwanda tayari vimeonekana vimelea vinavyostahimili artemisini, ambayo ndiyo nguvu ya dawa hiyo. Dozi za nusunusu ndizo zinazovifundisha. Vilivyobaki vipeleke duka la dawa wavitupe.

Homa ikija, pima. Kipimo cha haraka kinatoa jibu ndani ya dakika kumi na tano au ishirini. Kikisema hakuna na joto linaendelea, rudia kesho yake, kwa sababu mapema vimelea huwa vichache. Degedege, kutapika kila kitu, kushindwa kunyonya au kunywa, usingizi usio wa kawaida, viganja vyeupe, kupumua mbiombio, mkojo mweusi kama soda: yoyote kati ya hayo ni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni saa tisa usiku na teksi ni ghali.

Ile kliniki ilikosea kutouliza mmetoka wapi, na wewe usijilaumu kwa kutosema. Lakini kuanzia sasa utasema wewe kwanza, kabla ya kikohozi, kabla ya koo. Baba na kijana wakirudi, chukua kitabu cha kliniki cha mtoto, kwenye jalada la nyuma uandike kwa kalamu ya wino: "Alikuwa Siaya, alirudi tarehe" na tarehe yenyewe. Andika na ya baba mahali, kwenye simu hata. Homa yoyote ndani ya miezi mitatu kutoka tarehe hiyo, kitabu kinafunguliwa nyuma kabla hakijafunguliwa mbele.

Shangazi